Nyuma ya Baba, kutoka Mwanza hadi Lukaya

Jumanne, Mwanza

Meli ya Bukoba inaondoka saa tatu usiku, lakini Baba alitaka tushuke mjini tangu asubuhi. Alikuwa na kitu cha kunionyesha. Tukapanda Capri Point, tukasimama juu ya miamba, kisiwa cha Saanane kikiwa chini yetu karibu kabisa, boti ya wageni ikitia gati. "Mabomu ya Gaddafi yaliangukia pale," akasema. "Wakaua wanyama."

Nikadhani ananitania. Nimekulia mkoa huu, na Saanane nimepelekwa na shule nikiwa darasa la nne, tukapanga foleni kuangalia simba. Hakuna aliyetuambia habari hiyo. Lakini ni kweli. Mwishoni mwa Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimbeba Idi Amin, mtawala wa Uganda, ilituma ndege ya Tupolev kuipiga Mwanza ili Tanzania iogope na kusimamisha vita. Ndege ikaukosa mji mzima, na makombora yakaishia kwenye hifadhi ya wanyama. Baba mwenyewe hakuwepo, alikuwa tayari Uganda. Yeye aliisikia kwa bibi aliporudi.

Baba alikwenda Vita vya Kagera kama mgambo. Alikuwa na miaka 22, analima pamba Magu, hana cheo wala kiatu cha maana. Sisi watoto tulijua kwamba "Baba alipigana na Amin", basi. Ilikuwa habari ya nyumbani kama zilivyo nyingine: babu alikuwa na ng'ombe wengi, Baba alipigana na Amin. Kilichonisukuma ni mwanangu wa kidato cha pili. Alirudi na kazi ya historia, aandike sababu na matokeo ya vita hivyo, akampigia babu yake simu kumhoji. Babu akamtajia sababu tano na matokeo matano, kwa mpangilio ule ule wa kitabu. Mtoto alipata alama nzuri. Mimi sikulala vizuri. Mtu aliyetembea kwa miguu hadi Uganda anawezaje kueleza vita kwa pointi?

Nikamwomba twende, tupite alikopita. Alikaa kimya siku mbili, halafu akaniuliza nauli ni kiasi gani.

Usiku, kwenye sitaha ya MV Victoria, kijana mmoja anayeuza kava za simu alisikia tunakokwenda. "Si ndiyo yule Amin aliyekuwa anakula watu?" Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mimi sikuwahi kula naye," akamjibu, "kwa hiyo siwezi kukuthibitishia." Kijana akaendelea kutueleza vita nzima: Amin alichokoza, Mwalimu akahutubia, tukampiga, tukaingia Kampala. Dakika mbili, imekwisha. Hakukosea popote.

Jumatano, Bukoba

Tulisimama Kemondo bado giza, Bukoba tukafika kunapambazuka. Baba alishuka taratibu akishikilia kamba, macho yako kwenye vilima. Mji huu ulirushiwa mabomu na ndege za Amin mwaka 1978, na wakazi wengi walikimbilia vijijini. Leo ukitaka kuyasikia hayo lazima uulize, na umwulize mtu wa zaidi ya miaka hamsini.

Siku hii hatukufanya kazi. Tulikula ndizi na maharage, Baba akanunua kahawa ya kutafuna, akawa anaitafuna kutwa nzima akilalamika kuwa ni chungu.

Alhamisi, Kaboya

Kaboya iko wilaya ya Muleba, kusini mwa Bukoba. Ndiko walikozikwa mamia ya wanajeshi wetu waliokufa katika vita vile. Ni eneo la jeshi, hivyo ruhusa tuliiomba mapema, na simu zikabaki mifukoni.

Askari kijana ndiye aliyetupokea. Alipoambiwa mzee huyu alikuwa vitani akakaza miguu na kumpigia saluti. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mimi si afande, mimi ni mgambo tu."

"Mgambo aliyefika Uganda ni afande wangu, mzee."

Baba hakujibu, ila nilimwona akinyoosha mgongo. Ikumbukwe kwamba jeshi letu kabla ya vita lilikuwa na watu kama 40,000, na katika miezi michache likapanda hadi zaidi ya 150,000. Walioongezeka walitoka polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na wengi mno walikuwa mgambo wa vijijini: wakulima, makarani, vijana wa maghala ya ushirika. Katika sherehe za Mashujaa kila tarehe 25 Julai tunaona magwaride na vyeo. Wale wa jembe wamezama humo ndani, hawaonekani.

Makaburi yamepangwa kwa mistari. Baba alianza mwanzo wa mstari wa kwanza na kusoma kila jina, midomo ikicheza, bila kuruka hata moja. Jua lilipanda. Yule askari akamletea kiti cha plastiki, Baba akakibeba mwenyewe kutoka mstari hadi mstari na hakukikalia. Nilipomkaribia kumuuliza anamtafuta nani, alisema, "Mwenzangu."

"Anaitwa nani, nikusaidie?"

"Jina lake silijui."

Nikangoja. Akasema kombania nzima walikuwa wakimwita Redio, na yeye hakupata kumwita vinginevyo. Lazima jina la kuandikishwa alikuwa nalo, na lazima lilikuwa likiitwa kwenye mahesabu ya asubuhi, ila limemtoka kabisa. Alikuwa na tumaini kwamba akiliona ataligundua. Akamaliza mistari yote. Kwa majina mawili matatu alisita, akayarudia kwa sauti, kisha akatikisa kichwa.

Kwenye gari la kurudi Bukoba nilimuuliza Redio alifia wapi. "Tutafika," akasema.

Ijumaa, Kyaka na Mutukula

Kutoka Bukoba barabara inakatiza migomba halafu inafunguka kwenye mbuga. Kyaka ni daraja na soko, na mto Kagera unapita chini yake, mpana, rangi ya udongo, kwa kasi inayokufanya ushike ukingo. Dereva wetu, kijana wa Bunazi, hakujua kwamba daraja hili si lile la zamani.

Hapa inafaa kueleza kwa nini sehemu hii. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wao upite kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, mstari wa rula. Mto Kagera wenyewe unashuka kusini ya mstari huo kabla ya kurudi kaskazini kuingia ziwani. Kipande kilichobaki kati ya mto na mstari, kama kilomita za mraba 1,800, kiko Tanzania lakini ng'ambo ya mto. Amin alikuwa akikidai tangu mapema. Alimpindua Rais Milton Obote mwaka 1971, Obote akapewa hifadhi kwetu, wafuasi wake wakajaribu kurudi kwa nguvu mwaka 1972 wakashindwa, na uhasama ukabaki hapo. Mwaka 1978 jeshi la Amin lenyewe lilikuwa limepasuka, askari wanaasi, na mwisho wa Oktoba wakavuka mpaka. Tarehe 1 Novemba alitangaza kuwa ardhi yote hadi mtoni ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa ili jeshi letu lisivuke.

Waliokuwa ng'ambo walibaki na jeshi la uvamizi. Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa. Nyumba ziling'olewa mabati, ng'ombe wakaswagwa, mitambo ya kiwanda cha sukari ikapakiwa kwenye malori. Mwalimu alihutubia kwenye redio tarehe 2 Novemba, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata mwanangu anaijua kwa moyo. Baba aliisikia kwenye redio ya mwenye duka, Magu, watu wakiwa wamejazana barazani. Anasema alikuwa amekwenda kununua chumvi.

Yeye alivuka Kyaka Januari, juu ya daraja la muda la wahandisi wa jeshi, usiku, kila mtu akishika mkoba wa aliye mbele yake. Juu ya kilima yapo magofu ya kanisa lililobomolewa na mizinga, yameachwa hivyo hivyo. Tulipanda kuyaona. Mbuzi watatu walikuwa kivulini.

Mutukula tulifika saa nane. Kituo cha mpaka siku hizi ni cha pamoja, unagongewa mihuri yote miwili ndani ya jengo moja. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wamekukalia begani. Baba alishika hati yake ya kusafiria kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuulizwa maswali. Binti wa uhamiaji upande wa Uganda aliuliza madhumuni ya safari. "Kutembea," akajibu. "Kutembea wapi?" "Lukaya." Binti akacheka: "Mzee unafuata kuku?" Wale wauza kuku wa barabarani wa Lukaya wana sifa.

Tulipotoka nje alisimama upande wa Uganda, akageuka huku na huku. "Nilipopita hapa hapakuwa na kitu. Palikuwa tambarare."

Jeshi letu liliiteka Mutukula Januari 1979, na mji huo ukasawazishwa kwa matingatinga kulipiza yaliyofanyika Kagera. Baadhi ya raia waliokataa kuondoka waliuawa. Mwalimu aliposikia alishtuka, akatoa amri kwamba kuanzia hapo raia na mali zao wasiguswe. Haya yameandikwa na waandishi walioifuata vita ile kwa karibu, si siri. Lakini katika zile sababu tano na matokeo matano za mwanangu hayamo, na kwenye hotuba za kila Julai hayamo. Baba anasema kikosi chake kilifika baadaye, kikakuta vumbi. Namwamini. Hata hivyo niliona jinsi alivyoharakisha kuingia kwenye matatu.

Jumamosi, Masaka

Tulilala nyumba ya wageni karibu na stendi. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari 1979, na baada ya kutekwa sehemu kubwa ya majengo yake ililipuliwa. Sasa ni mji wa maghorofa ya vioo na bodaboda. Mwenye nyumba ya wageni, mama wa miaka sitini na kitu, Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori. Alipojua Baba ni mmoja wa bakombozi, jina ambalo Waganda waliwapa askari wetu, alikaa mezani kwetu bila kukaribishwa.

Alikuwa shule ya msingi. Walijificha shambani kwa shangazi, wanasikia milio ya ile mizinga waliyoiita saba saba. Waliporudi mjini duka la baba yake, la nguo, lilikuwa kifusi.

"Amin mlituondolea, webale," akamwambia Baba, yaani asante. "Na duka la baba mkaliondoa."

Baba akasema, "Pole sana, mama." Akarudia, "Pole sana." Yule mama akaita chai iongezwe. Wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa, na mazungumzo yao yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Asubuhi alikataa kuchukua fedha ya chai, ila ya chumba aliichukua yote.

Jumapili, Lukaya

Basi likipunguza mwendo tu, wauzaji wanakuvamia madirishani: kuku wa kubanikwa kwenye vijiti, gonja, maini, soda. Tukashuka. Baba alinunua kuku mzima bila kupatana bei, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu, kisha akatembea mbele hadi mahali nyumba zinapokwisha na bonde la Lwera linapoanza. Barabara ya Kampala inapita juu ya tuta, na pande zote mbili ni kinamasi na mafunjo hadi upeo wa macho. Kulikuwa na kreti tupu za bia, akaketi kwenye moja.

Alikuwa brigedi ya 201. Hiyo karibu yote ilikuwa mgambo, wengi hawajawahi kupigwa risasi hata moja. Tarehe 10 Machi waliingia Lukaya wakiwa na kikosi cha Waganda waliokuwa wakimpinga Amin, ili kesho yake wavuke hili tuta. Jioni Walibya wakatokea upande wa pili na vifaru, na roketi zikaanza. Mgambo wakavunja mistari wakakimbia.

Hiyo ni habari ya vitabu. Ya Baba ni hii. Walikuwa wanapika. Redio alikuwa amechutama kando ya sufuria akiigiza mtangazaji wa RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, akisoma taarifa ya habari, "na sasa habari kamili", na habari kamili yenyewe ilikuwa kwamba koplo fulani ameiba chumvi. Watu wanacheka. Kisha mbingu ikanguruma. "Kelele ile huwezi kuieleza. Zilikuwa zinatupita juu. Zote. Hakuna hata moja iliyoangukia pale tulipo, zilikwenda kuanguka nyuma huko. Lakini nani angekaa kuhesabu? Tulikimbia. Mimi nilikimbia, mama." Baba ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Niliiacha bunduki, nikarudi kuichukua, nikakimbia tena."

Alionyesha upande wa kulia wa barabara, kwenye mafunjo. Walilala humo, maji yako kiunoni, buti moja ikabaki matopeni. Walibya wakaingia mjini na kutulia humo, hawakuwafuata. Usiku katika giza alisikia sauti, chini chini, "na sasa habari kamili", akajua Redio yupo hatua chache kutoka kwake. Hakuna habari iliyofuata. Walikaa hivyo mpaka alfajiri.

Usiku huo huo brigedi ya 208, iliyokuwa mbali kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke izunguke nyuma ya adui. Kulipokucha tarehe 11 wakawabana Walibya kutoka nyuma, na wale wa kinamasini wakakusanywa, wakatukanwa na maofisa wao, wakarudishwa mbele. Vita vikageuka. Walibya kama 200 walikufa hapo, na askari wa Amin karibu idadi hiyo hiyo. Baada ya Lukaya, jeshi la Amin halikusimama tena sawasawa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikachukuliwa.

Upande wa Tanzania waliokufa Lukaya wanatajwa kuwa wanane. Nilipomwambia Baba idadi hiyo alinitazama. "Wanane tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi Redio ni mmoja wa wanane."

Aliangukia ukingoni mwa barabara, saa za asubuhi, wakati wanarudi mjini. Baba alikuwa kulia kwake. Hakuruhusiwa kusimama. Baadaye alisikia kwamba waliokufa wanarudishwa nyumbani kuzikwa Kaboya, akaliweka hilo moyoni miaka yote hii.

Nikamuuliza kwa nini hakutusimulia. Akajibu kwamba watu wanapenda kusikia tulimpiga Amin, na ni kweli tulimpiga. Sasa akianza na "nilikimbia", nani atasubiri afike kwenye kesho yake? Akanikabidhi paja la kuku. Lilikuwa limepoa, na halikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumatatu, Kampala na njia ya kurudi

Kampala hatukuwa na la kufanya. Baba anaikumbuka Aprili ile, watu barabarani wanashangilia na kuwapa ndizi, lakini mji wa leo ulimchosha. Alinunua viatu soko la Owino, tukapanda basi la jioni.

Kabla ya mpaka, alinitaka nitoe daftari niandike. Alikuwa amepanga maneno kichwani tangu Lukaya. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, kwa sababu hilo ndilo aliloniomba.

Redio alikuwa mtu wa Kimamba, Kilosa, na wazazi wake walifanya kazi kwenye mkonge. Alikuwa mfupi, mweusi, na kovu juu ya jicho la kushoto alilolipata utotoni kwa kisu cha mkonge. Alikuwa akivuta Sigara Nyota wakati zikipatikana. Alipokwenda vitani alimwacha mkewe mjamzito, na barua ya kwamba amejifungua mtoto wa kike ilimfikia kabla ya Masaka. Aliwasomea wote, kwa sauti ya RTD. Huyo mtoto akiwepo ana miaka arobaini na kitu sasa.

Kama ni wewe, au kwenu Kilosa kuna marehemu wa Lukaya mwenye kovu hilo, tunaomba jina lake kamili, ili Baba arudi Kaboya asome mstari mmoja tu. Yeye yuko Magu. Sikio la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo ukija kaa upande wa kulia, na usije Jumapili asubuhi, anakuwa kanisani.